Mgonjwa Hakuchelewa

Kituo cha Afya cha Kyamatune,
Kitui.
11 Machi 2025

Mzee Musyimi Nzuki,
Kwa Mwalimu Nduku, Kikima, Makueni.

Salamu kutoka huku. Mimi ni Mutanu Kyule, yule daktari wa Kyamatune aliyekuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa mwezi wa Januari. Watu wa hospitali wamenipigia simu kwamba ulipangiwa upasuaji wa koo tarehe nne mwezi huu na hukufika. Binti yako ameniambia uko kwake na kwamba umekataa. Nilimwomba akupe simu, akanikumbusha kwamba sauti yako imebaki ya kunong'ona, hata aliyeketi kando yako haisikii vizuri. Ndiyo maana naandika.

Nakufahamu, Mzee. Soko la mbuzi la Zombe linakufahamu pia. Miaka thelathini ya udalali, ukimtangaza mnyama hadi mtu wa ng'ambo ya barabara anageuka. Naelewa kwamba mtu aliyelisha watoto kwa sauti ataogopa kuipoteza. Lakini uhai ni mkubwa kuliko sauti. Uvimbe huo ukiachwa utakuziba njia ya hewa. Na kama kuna mtu anayekupa miti shamba huko, sikutukani wala simtukani, ila isikufanye uiache hospitali.

Nipe jibu nikuombee tarehe nyingine. Barua mpe dereva wa gari la vifurushi, na Mwongeli, mhudumu wetu wa afya wa kijijini, ataichukua Zombe aniletee.

Wako,
Mutanu Kyule
Afisa wa kliniki


Kikima,
18 Machi 2025

Daktari Mutanu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Najibu kwa kalamu kwa sababu simu yangu ni ya vitufe na vidole vyangu vimezoea kushika mbuzi, nikibonyeza kimoja vinaingia vitatu. Kalamu hainisumbui. Nilikuwa mwandishi wa chama cha wafugaji miaka kumi na mmoja.

Hapa hakuna mtu anayenipa miti shamba. Hapa ni Kikima, kuna baridi, napewa chai na blanketi.

Neno "uvimbe" mpe mtoto. Karatasi ya maabara Nduku aliiweka juu ya kabati akidhani mzee hapandi kiti. Nilipanda. Jina la ugonjwa nikalinakili, nikaenda nalo kwa mwenye duka la dawa hapa sokoni. Alilisoma, akaniangalia, akanivutia kiti. Mtu wa duka la dawa akikuvutia kiti umeshajibiwa. Ni kansa. Nduku hajui kwamba najua. Usimwambie, anajitahidi sana kunichekesha.

Kisu sikiogopi. Kilichonikasirisha ni ile siku ya hospitali. Daktari mpasuaji aliongea na Nduku kwa Kiingereza kama dakika ishirini, mimi nimeketi katikati yao kama gunia linalosubiri gari. Nilipoinua mkono niulize, muuguzi akaniinamia akanipigia kelele: "Mzee, unataka choo?" Sauti imeenda, Daktari. Masikio yapo.

Kwa hivyo nakuuliza wewe. Nikishakatwa nitapumulia wapi? Nitakula muthokoi wangu wa mahindi tena, ama ni uji hadi nife? Na je, kuna njia nyingine isiyo ya kisu, na kama ipo, kwa nini sikuambiwa?

Kuna jambo la nne. Hilo nitaliandika ukishajibu haya matatu, nione kwanza unajibu vipi. Dalali humpima mnunuzi kabla ya kutaja bei.

Ni mimi,
Musyimi Nzuki


Kikima,
21 Machi 2025

Kwako Daktari Mutanu,

Nimeamua kuandika kwa sababu nyumba yangu ni ya vyumba viwili na masikio ya Baba ni ya sungura. Nikipiga simu atasikia yote.

Najua mmeanza kuandikiana. Nakuomba kwa heshima, lile jina la ugonjwa usilitaje. Baba akijua ni kansa atakufa kabla ya kisu. Mama yetu Mbithe aliambiwa lake siku ya Jumatatu, na Ijumaa hakuwepo. Mimi ndiye niliyemwomba daktari mpasuaji tuongee Kiingereza. Nimemwambia Baba ni nyama tu imeota kooni kama jipu. Ameamini.

Kuna kitu kingine kinanisumbua. Ana hasira na mimi na sijui nimemkosea nini. Nilimwuliza swali moja tu siku tuliyotoka hospitali: "Baba, kwa nini ulikaa miezi mitano bila kutafuta matibabu?" Alitoka nje akaketi kwenye mawe ya boma hadi jioni. Tangu siku hiyo akitaka chumvi hainyooshei mkono nimpe, anaamka anaichukua mwenyewe.

Nafikiri anaogopa kuwa bubu. Mtie moyo. Na barua zako tafadhali zipitie kwangu, nizisome kwanza.

Nduku Musyimi


Kyamatune,
25 Machi 2025

Mwalimu Nduku,

Pole kwa mzigo ulioubeba peke yako, na pole kwa yaliyompata mama yenu.

Ombi lako nimelifikiria siku mbili na siwezi kulitimiza. Mgonjwa akiniuliza swali siwezi kumdanganya, naye ameniuliza. Aliyoniuliza ni yake, sitakuandikia. Weka daftari na kalamu mezani, keti naye, mwulize anataka kujua nini. Anaweza kukushangaza.

Barua inayokuja na hii ina jina lake. Tafadhali mpe ikiwa imefungwa.

Mutanu Kyule


Kyamatune,
25 Machi 2025

Mzee Musyimi,

Nimezungumza na daktari mpasuaji kabla ya kukuandikia. Nakupa majibu kama alivyonipa.

Utapumulia shimo litakalotobolewa mbele ya shingo, chini kidogo. Si la muda, ni la maisha. Pua itabaki usoni lakini hewa haitapita hapo, kwa hivyo hata harufu utazisikia kwa shida. Ukioga, maji yasiingie shimoni. Vumbi la soko pia ni adui, utavaa kitambaa.

Kula utakula. Wiki mbili za kwanza utalishwa kwa mrija wa puani, kisha vitu laini, kisha polepole chakula cha kawaida. Muthokoi utarudi, labda uuchemshe zaidi kuliko unavyoupenda.

Njia nyingine ipo: mionzi pamoja na dawa, kama wiki saba. Ingekuwa mapema ingeweza kuokoa sauti. Sasa kansa yako imeingia kwenye gegedu la koo, ule mfupa laini, na daktari anasema mionzi bila kisu itakupa nafasi ndogo zaidi ya kupona. Ukiichagua hata hivyo hatakufukuza. Ukichagua kisu, mionzi itafuata vilevile, kumalizia. Kwa nini hukuambiwa? Ulipaswa kuambiwa.

La nne nadhani nalijua, nitalijibu kabla hujaandika. Sauti yako ya soko haitarudi. Wako wanaojifunza kusema kwa kumeza hewa na kuitoa, wako wanaotumia kifaa cha kubandika shingoni, na wako ambao hawasemi tena. Sitakuahidi wewe utakuwa nani kati yao.

Nafasi ni ya tarehe 22 Aprili. Baada ya hapo ni Juni, na sitaki ufike Juni.

Mutanu Kyule


Kikima,
2 Aprili 2025

Daktari Mutanu,

Umejibu kama mtu. Ahsante. Nimechagua kisu, na uamuzi huo haukunichukua hata kikombe kimoja cha chai.

La nne hukulijua.

Ile barua ya Januari uliyoniandikia niipeleke hospitali, bahasha haikuwa imebandikwa vizuri. Nilisoma njiani. Umeandika: "Mgonjwa alichelewa kuja kituoni." Hospitali wakalinakili neno hilo kwenye faili. Nduku akalisoma huko, akaniuliza lile swali lake. Akamwambia mchungaji, na Jumapili mchungaji akawaombea "wale wanaongoja ugonjwa uwazidi nguvu ndipo watafute msaada." Watu wa mbele wakageuza shingo kuniangalia.

Daktari, nilikuja kwako mara nne kabla ya siku hiyo.

Mwezi wa tisa nilikuja nikasema sauti inakwaruza. Ulisema, "Mzee, dalali asipokwaruza hajafanya kazi." Tukacheka sote wawili. Ukanipa dawa ya kikohozi. Mwezi wa kumi nilirudi, ukanipa vidonge vya rangi mbili, na hukuinua kichwa, ulikuwa unaandika. Novemba nilifika siku ya chanjo ya watoto. Nilipewa dawa nyingine ya kikohozi kupitia dirishani. Desemba, wiki ya sikukuu ya Jamhuri, niliomba sindano kwa sababu jirani alisema sindano ndiyo dawa kubwa. Ukanidunga. Mara ya tano, Januari, nilikuwa napumua kwa mluzi, ndipo ukachukua tochi.

Najua utasema, "Lakini Mzee, ulichoomba ndicho nilichokupa." Ni kweli. Niliomba dawa kwa sababu sikujua kuna kingine cha kuomba. Mtu akija kwangu Zombe akasema "nataka mbuzi," simpi yule wa kwanza kwenye kamba. Namwuliza: ni harusi, ni matanga, ni wa kufuga? Watu wangapi? Yeye hajui mbuzi, ndiyo maana amekuja kwa dalali. Mimi sijui koo. Nilitarajia uniulize. Nilitarajia utazame mahali nilipokuonyesha kwa kidole.

Sitaki fidia. Sitaki ufutwe kazi, watu wa Kyamatune watamwendea nani? Nataka sentensi hiyo iandikwe upya, mambo yalivyokuwa, kabla sijalazwa. Nikifa mezani, karatasi ndiyo itakayobaki ikisema, nami sitakuwa na namna ya kuijibu. Wajukuu wangu wataambiwa babu alijiua kwa uzembe.

Bila hiyo siendi. Si kwa kiburi. Siwezi tu kulala pale juu nikiwa chini ya neno hilo.

Musyimi Nzuki


Kikima,
11 Aprili 2025

Daktari,

Ni wewe ama ni gari linalochelewa? Kila siku Baba anashuka barabarani kuuliza kama kuna bahasha yake. Wenye ofisi ya vifurushi sasa wakimwona kwa mbali wanatikisa kichwa ili asiteremke kilima chote bure.

Jana chai ilimkwama, akakohoa hadi macho yakawa mekundu, na kwenye leso kulikuwa na damu. Nilimwambia twende hospitali leo leo. Akaandika kwenye daftari: "Bado karatasi." Karatasi gani? Hataki kuniambia. Zimebaki siku kumi na moja.

Sijui mnaandikiana nini. Kama kuna kitu chake unacho, kitume. Nakuomba.

Nduku


Kyamatune,
14 Aprili 2025

Mzee Musyimi,

Barua yako ilinifikia tarehe tano. Nimekaa nayo siku tisa, na siku hizo nimezikata kwenye zako. Nakueleza zilienda wapi.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua rejista. Rejista inakuonyesha mara mbili kabla ya Januari: Septemba na Oktoba. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilianza hata barua ya kukwambia, "Mzee, kumbukumbu hupotea, kitabu kinasema mara mbili." Iko hapa, sikuituma.

Kisha nikamwuliza Mwongeli. Siku ya chanjo ya Novemba alikuwa hapa akitusaidia kupima watoto. Akasema bila kufikiri, "Mzee wa soko? Alisimama pale dirishani amejifunga skafu shingoni, na jua lilikuwa kali. Nilijiuliza skafu ya nini." Yeye aliona skafu. Mimi ndiye niliyekupa chupa. Nikaenda kwenye kitabu cha chumba cha sindano. Desemba, tarehe kumi na tatu, jina lako liko, mwandiko ni wangu.

Huko zilienda siku tano, zikabaki nne. Hizo ni za woga. Nina mama Kikima hukohuko uliko wewe, anaishi kwa mshahara huu.

Ile sentensi sikuiandika kwa ubaya. Kwenye fomu kuna nafasi ya maelezo, na mgonjwa akiwa hali mbaya mkono huandika wenyewe kwamba alichelewa. Nimeiandika kwa watu wengi. Sasa sijui ni wangapi walikuwa wamechelewa kweli.

Nakala ya kwanza imeenda hospitalini kwenye faili lako, ya pili kwa ofisi ya afya inayonisimamia, ya tatu ni hii yako:

"Marekebisho ya barua ya rufaa ya tarehe 14 Januari 2025. Niliandika kwamba mgonjwa Musyimi Nzuki alichelewa kuja kituoni. Si kweli. Mgonjwa alikuja mara nne kati ya Septemba na Desemba 2024 akilalamikia sauti yake. Hakuangaliwa koo hata mara moja. Ziara moja haikuandikwa kabisa, na nyingine iliandikwa kwenye kitabu cha sindano peke yake. Aliyechelewa ni mimi. Mutanu Kyule, afisa wa kliniki."

Ofisini wameniita nikajieleze tarehe 28. Sikuombi msamaha katika barua hii, isije ikaonekana karatasi hii ndiyo bei yake. Ulicholetewa ni haki yako, hakina deni.

Nenda tarehe 22.

Mutanu


Hospitalini,
25 Aprili 2025

Daktari Mutanu,

Ningekupigia simu lakini ningekutukana, halafu ningejuta. Kwa karatasi mtu hupata nafasi ya kupunguza.

Bahasha ilifika Jumatano ya wiki iliyopita. Baba aliisoma amesimama palepale barabarani. Alipofika nyumbani alinipa ile nakala na kunionyesha kwa kidole kwamba nisome kwa sauti. Nikasoma. Akaonyesha tena. Nikasoma mara ya pili, na mara hiyo sikuweza kumaliza, kwa sababu nilikumbuka lile swali langu na yale mawe ya boma. Nikamwambia, "Baba, nisamehe." Akaandika, "Hukujua." Halafu akaandika chini yake, "Na ile karatasi ya juu ya kabati nilishaisoma mwezi wa pili. Kabati lako lina vumbi." Tulikuwa tunafichana ndani ya vyumba viwili, mimi nikimchekesha, yeye akicheka ili nisilie.

Akaamka akafunga begi lake mwenyewe. Alinituma kwa mchungaji na nakala nyingine, niliyomwandikia kwa mkono. Mchungaji aliisoma mlangoni, akaja nyumbani, akaketi na Baba kama saa moja. Sijui waliongea nini, mmoja akinong'ona na mwingine akiinama.

Amelazwa tarehe 22, wamempasua tarehe 23, masaa saba. Wanasema wametoa yote waliyoyaona. Kabla ya kuingia, daktari mpasuaji aliketi kando ya kitanda akamweleza kila kitu kwa Kiswahili, akamsubiri aandike maswali. Aliandika sita.

Nilikulaani, Daktari. Sitakuficha. Nilipofika kwenye "hakuangaliwa koo hata mara moja" nililaani hadi mama yako aliyekuzaa, na kumbe yuko Kikima hapa hapa, labda hata tunanunua sukuma kwa mwanamke mmoja. Sijui kama nimemaliza. Usije kumwona sasa. Niache kwanza.

Nduku


Wodini,
5 Mei 2025

Daktari,

Mwandiko ni mbaya, usinicheke.

Niko hai. Hewa inaingia shingoni na inatoa sauti kama mbuzi anayepiga chafya. Kitu ambacho hatukukiuliza, wewe wala mimi: dripu waliniwekea mkono wa kulia. Wa kuandikia. Siku mbili nilikuwa na kiu, nina maumivu ya mgongo, nataka dirisha lifungwe, na sina mdomo wala mkono. Nilijaribu wa kushoto, nikaandika kitu kama nyayo za kuku. Siku ya tatu muuguzi mmoja, Wavinya, alisimama akaniuliza, "Mzee, huu mkono ndio wa kalamu?" Nikaitikia kwa kichwa. Akahamisha sindano. Alitumia dakika tatu.

Mwambie mwingine yeyote utakayemtuma huku atangulize habari hiyo ya mkono.

Mrija wa puani utatolewa keshokutwa wakinipima kumeza. Mionzi ni kuanzia Juni.

Musyimi


Kyamatune,
2 Septemba 2025

Mzee Musyimi,

Nimekawia kukuandikia kwa sababu Mwalimu Nduku aliniomba nikae mbali, nami niliona ana haki. Wiki jana alinitumia ujumbe mfupi: "Amemaliza mionzi. Amepungua kilo kumi na moja. Anarudi kwake Zombe. Unaweza kuandika." Ndiyo naandika.

Ofisini nilipewa onyo la maandishi, na wiki tatu za kukaa na daktari wa masikio, pua na koo, nikitazama makoo ya watu kutoka asubuhi hadi jioni. Onyo liko kwenye faili langu.

Hapa kituoni nimejifunza kuuliza kabla ya kuandika. "Ukitoka hapa leo, ungependa niwe nimekufanyia nini?" Mwanzoni watu waliniona nimechanganyikiwa. Mama mmoja mzee, Kalunde, alijibu, "Si wewe ndiye daktari? Niambie wewe." Halafu akafika mlangoni, akarudi. Kumbe kila mwezi anapokuja kuomba dawa ya kichwa, anachotaka ni kupimwa presha, kwa sababu dada yake alianguka jikoni akafa, na anaona aibu kuomba kipimo bila kuumwa. Kijana mmoja wa bodaboda, Gedion, aliomba sindano ya mgongo. Nilipomwuliza, akasema anataka mtu mwenye koti jeupe amwambie mke wake kwamba bado anaweza kupata watoto. Mgongo hauumi. Tulianzia hapo.

Si wote. Wengine wanataka tu dawa ya kikohozi, na wana kikohozi. Laini imekuwa ndefu, watu wananung'unika, siku za chanjo bado nashindwa. Sikuandikii kukwambia kwamba nimekuwa mtu mwingine.

Nilichotaka kukwambia ni kwamba nimeomba uhamisho, nimepewa. Naenda upande wa Kiboko, Makueni, tarehe moja Oktoba. Nasema ni kwa sababu ya kuwa karibu na mama, Kikima nako ni Makueni. Mwongeli anasema naenda kwa sababu Mzee Musyimi anarudi Zombe.

Mutanu


Zombe,
20 Septemba 2025

Daktari Mutanu,

Nimefika. Nyumba ilikuwa na mchwa, nimewatoa. Nakula muthokoi uliochemshwa hadi ukasahau kwamba ulikuwa mahindi.

Siku ya soko nilienda. Sikwenda kuuza, nilikwenda kuonekana, watu waache kunizika. Nilijifunga kitambaa shingoni, Nduku alinishonea vinne. Walinisalimia kwa kelele kama kiziwi, nikazoea. Halafu akaja Abdow, mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini. Tumekuwa tukiuziana mbuzi miaka ishirini. Alinitazama shingo, hakusema pole. Alikaa chini, akatoa shuka yake begani, akaitandaza juu ya mkono wake wa kulia, akanyoosha mkono chini ya shuka.

Kwao watu hupatana bei hivyo, Daktari. Mikono inashikana chini ya nguo, unabana vidole vya mwenzako, kila kidole kina maana yake, na walio kando hawajui mnasema nini. Miaka yote hiyo nilikuwa nawaona wakifanya, nikiwacheka kwamba wananong'onezana kama wachumba. Sikuwahi kujifunza, nilikuwa na mdomo. Nilitia mkono. Nilikosea mara tatu, na mara moja nilimpa bei iliyomfanya acheke hadi akashika tumbo. Mara ya nne akabana, nikabana, akatoa mkono, akaenda akawafungua mbuzi sita wa Mutindi, jirani yangu aliyekuwa kando akitafuta mnunuzi, akawapeleka kwenye lori lake. Mutindi aliniuliza, "Umeuza?" Nikaitikia kwa kichwa. Akaniuliza tena. Sikuwa natania.

Sasa habari ya Kiboko.

Msamaha hukuuomba, nami siwezi kuuza kitu kisichoulizwa. Hilo tuliache. Ila naomba kitu, na safari hii nakijua kwa jina.

Hospitali wamesema shimo liangaliwe kila mwezi karibu na nyumbani. Mimi nataka uliangalie wewe. Akija mwingine, atakuwa mtu mzuri, atasoma faili, atanipa alichosoma. Itabidi nimwanze upya, nami kwa kalamu kuanza upya na mtu ni kazi ya mwaka mzima. Mimi na wewe tumeshamaliza yote mabaya. Ukiona kitu pale shingoni hutaogopa kuniandikia, kwa sababu lile uliloandika Aprili lilikuwa gumu zaidi. Nimemwuliza Nduku anaonaje. Amesema, "Ni koo lako, Baba."

Kama ni mama yako anayekupeleka Makueni, nenda, mama ni mama, nitajua la kufanya. Kama ni mimi, usiende.

Alhamisi nitakuja kituoni, saa tatu. Nitakaa laini kama watu wengine. Niwekee kiti cha karibu na mlango, penye hewa. Joto la mle ndani linanikausha.

Musyimi Nzuki